Hisa za Afande

Mara ya kwanza kumwona Afande, alikuwa amemkalia mtu kifuani.

Ilikuwa mchana, katika kichochoro kilicho nyuma ya steji ya matatu pale Machakos mjini. Mtu aliyekaliwa alikuwa ameng'oa kamera ya usalama kwenye ukuta wa duka la vipuri, na bado aliishika mkononi, waya zikining'inia. Pua yake ilikuwa imevunjika. Kwa kuwa alilala chali, damu ilikuwa imemtiririka hadi masikioni. Aliyemvunja pua alikuwa mwanamke mnene wa makamo, sketi ya buluu, viatu vya raba, ametulia juu yake huku akihema.

Kisha umati ukafika. Walikuja na mawe, na mmoja alikuwa akibingirisha tairi kuukuu.

"Mama, ondoka tumalizane na huyo!"

Yule mwanamke akasimama, lakini hakuondoka. Aliweka mguu mmoja juu ya tumbo la mwizi na kuinua mpini wa jembe ambao sikuwa nimeuona.

"Huyu ni wangu," akasema. "Nimemshika mimi, nimempiga mimi, na nitampeleka mimi. Mwenye anataka kumgusa aanze na mimi."

Kijana mmoja aliinua jiwe. Mpini ulimpata kwenye kiwiko na sote tukausikia mlio wake. Jiwe likaanguka, kijana akapiga magoti akimwita mama yake, "Mwaitu! Mwaitu!" na wengine wakarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kichochoro kikabaki wazi.

Ndipo akanigeukia mimi niliyekuwa nimejibanza ukutani na mtungi wangu wa mafuta ya kupikia.

"Wewe msichana. Umeona huyu akiiba?"

"Hapana, Afande. Nimesikia watu wakisema." Sikujua kama ni polisi. Neno lilinitoka tu.

"Basi usiseme ni mwizi. Sema umesikia. Umemaliza shule?"

"Nimemaliza."

"Uko na kazi?"

"Sina."

"Kesho kuja pale juu ya duka la dawa."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu ya kazi.

Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Alikuwa amestaafu polisi, na kwa kiinua mgongo chake akafungua kampuni ndogo ya kamera za usalama. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Musyoka, fundi wa kupanda ngazi na kuvuta waya. Tulifunga kamera kwenye maduka, shule, vituo vya mafuta, na zizi la wafanyabiashara wa Kisomali waliouza mbuzi na ng'ombe. Mimi nilikaa mbele ya skrini. Kama kamera imekufa, nilimwita Musyoka. Kama mtu anafanya jambo baya, nilimwita Afande, naye alishuka ngazi na mpini wake.

Sitamsafisha. Watu wanaomkumbuka siku hizi humfanya mtakatifu, na mimi nilikaa naye miaka mingi mno kukubali hilo. Afande alikuwa anapiga. Alipiga skrini zikigoma kuwaka, alipiga meza akiongea na simu, na alipiga watu. Siku moja Musyoka alipanda mlingoti bila mkanda wa usalama. Aliposhuka, Afande alimzaba kofi lililomwangusha chini mbele ya wateja.

"Unataka nimwambie nini mama yako?" alimfokea. "Eti ulianguka kwa sababu mkanda unawasha?"

Musyoka alienda nyumbani akaapa harudi. Jioni hiyohiyo Afande alimfuata kwao Katangi na sufuria ya muthokoi aliyoipika mwenyewe, mahindi laini na maharagwe, akaiweka mezani bila neno la samahani. Hakujua kuomba msamaha. Alijua kupika. Musyoka alirudi kazini, na tangu siku hiyo hakuwahi kupanda bila mkanda. Ila aliniambia kwamba sikio lake lilivuma wiki nzima, na hakuliona jambo la kuchekesha.

Jumapili mwanamke huyohuyo aliimba kwaya. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya juu, kama ya mtoto wa shule, na akiimba alifumba macho na kushika mikono yake nyuma kana kwamba amefungwa pingu. Nilimwuliza mbona anaishika hivyo.

"Ili itulie," akanijibu.

Kazini alikuwa na swali moja aliloliuliza kila mara, asubuhi hadi jioni: "Umeona au umeambiwa?" Ukimwambia duka fulani limevunjwa, atauliza. Ukimwambia mvua imenyesha Masii, atauliza. Nilidhani ni mazoea ya kipolisi tu, hadi siku tulipokuwa tunakula chakula cha mchana ofisini, na yeye, bila kuulizwa, akaanza kunisimulia.

Alikuwa kijana, kwenye kituo kimoja mbali sana na Ukambani. Waliletewa mwanamume aliyedaiwa kumbaka mtoto. Afande aliingia naye chumbani na kufunga mlango. Alimpiga hadi mkono wake mwenyewe ukavimba, akabadilisha mkono. Baada ya siku chache aliyefanya kitendo hicho alikamatwa akiwa na nguo za mtoto. Alikuwa mtu mwingine kabisa. Yule wa kwanza aliachiliwa, lakini masikio yote mawili yalikuwa yamekufa.

"Alikuwa fundi wa redio," Afande akasema. Akasukuma sahani yake. "Mimi niliambiwa, Mwende. Sikuwa nimeona."

Ndiyo maana alipostaafu alitaka kamera, si duka la nguo wala kuku wa mayai kama wenzake. Lakini mpini hakuutupa. Hilo ndilo nililoshindwa kulielewa hadi leo. Alijua vizuri mikono yake ilifanya nini, na bado aliitumia.

Mwekezaji alikuja wakati kampuni imeanza kutushinda. Wateja walikuwa wengi, ngazi ilikuwa moja, na gari letu lilisukumwa kila asubuhi. Yeye alikuwa mtu wa Mavoko, mwenye malori, machimbo ya mawe na majumba ya kupangisha. Alipanda ngazi zetu mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakubali soda. Alikuwa na sauti ya upole. Sijawahi kumsikia akiipandisha.

"Mama, wewe umejenga kitu kizuri," alimwambia Afande. "Lakini kitu kizuri bila nguvu kitakufa. Mimi naleta nguvu. Wewe utabaki na heshima yako."

Alichukua sehemu kubwa ya hisa, kubwa kuliko ya Afande. Siku ya kutia sahihi tulichinja mbuzi. Alisimama chini ya hema akaongea juu ya kesho ya kampuni: kamera kila barabara, kila soko, kuanzia Mavoko hadi Yatta. Tulipiga makofi, na sikupiga kwa unafiki. Tulipata ofisi yenye vioo, magari yenye nembo, na mshahara uliokuja bila kuombwa. Mama yangu alimshukuru Mungu kanisani kwa jina la mtu huyo. Ningekuwa mwongo nikisema mtu yeyote kati yetu alihisi vibaya.

Afande peke yake ndiye hakufurahi, na hata yeye hakujua kwa nini. Alikaa kwenye kiti chake kipya cha ngozi kama mtu aliye hospitalini akingoja kuitwa.

"Hiki kiti kinanizungusha," alisema.

Tulipewa meneja, kijana wa Syokimau anayeitwa Brayo, mchangamfu, mwenye Sheng nyingi na viatu vyeupe. Ndiye aliyeunganisha kamera zetu zote na ofisi kubwa ya Mavoko.

"Sasa si mimi naona hapa, na wao wanaona kule?" nilimwuliza.

"Wanaona na wanacontrol, Mwende. Hata ukiwa msalani, kitu inashughulikiwa. Relax."

Nilicheka.

Kati ya kamera zetu zote, Afande alizipenda mbili zaidi. Zilikuwa kwenye mlingoti wa chuma kando ya mto mmoja upande wa Masii, zikitumia umeme wa jua. Mto wenyewe ni mchanga mwaka mzima isipokuwa mvua ikinyesha. Watu huchimba visima humo mchangani na kupata maji. Malori yalikuwa yakiuchimba na kuubeba kwenda kujengea Nairobi, hadi kingo zikaanza kuporomoka pamoja na mashamba na visima vikakauka. Wanakijiji wakaunda kikundi, wakatujia kuomba kamera. Walimchagua mlinzi wao, Kilonzo, mwanamume mrefu, mkimya, aliyekuwa na mke na shamba la mbaazi ukingoni palepale. Kilonzo alikuwa na tabia ya kuipungia mkono kamera kila asubuhi, na mimi, nikiwa Machakos, nilikuwa nampungia ingawa hanioni. Afande alipita nyuma yangu akaniona, akadhani ninafukuza nzi.

Miezi michache baada ya mbuzi kuliwa, kamera za mto zikaanza kufa. Zilikufa mchana kweupe, zikafufuka jioni. Musyoka alikwenda mara kwa mara, akapanda na mkanda wake, akakagua kila waya. Akarudi akikuna kichwa.

"Afande, ziko sawa. Hakuna kitu zimekosa."

Kilonzo naye alipiga simu. Malori yamerudi, akasema. Yanakuja siku zilezile.

Nilianza kufuatilia kwenye mashine, na haikuchukua muda kuona. Kamera hazikuwa zinakufa. Zilikuwa zinazimwa. Nilikwenda kumwambia Afande mlango ukiwa umefungwa.

"Umeona au umeambiwa?"

"Nimeona. Zinazimwa kutoka Mavoko."

Hakupiga meza. Aliuliza malori yale ni ya nani. Nilikuwa nimekwisha kuyaona maandishi ya milango yake kabla picha haijakatika. Nilimwambia. Yalikuwa ya mwekezaji wetu.

"Kwa hivyo hakununua kampuni," akasema. "Alinunua hizo mbili."

Alimpigia simu. Mwekezaji akamjibu kwa upole kwamba ni hitilafu ya mtandao na itarekebishwa. Siku mbili tatu kamera zikafanya kazi. Nami nikaanza kuamini kwamba yamekwisha.

Siku ile ilikuwa siku ya soko Masii. Wanaume wengi wa kijiji walikuwa sokoni. Niliona malori yakishuka mtoni, moja nyuma ya jingine, na vijana wa kupakia wamekaa juu na machepeo. Nilimwona Kilonzo akikimbia kutoka kwenye mbaazi zake. Alikuwa amepanga mawe makubwa kuvuka njia, naye akasimama nyuma ya mawe hayo na kunyoosha mikono. Kamera zetu hazikuwa na sauti. Niliona midomo yao tu. Dereva wa lori la kwanza alishuka, mwanamume mwenye kofia nyekundu, akaongea, akacheka. Kilonzo akatikisa kichwa. Kijana mmoja akaruka kutoka juu ya lori na chepeo lake, akampiga Kilonzo ubavuni kwa ubapa wake, kama mtu anayefukuza ng'ombe. Kilonzo akayumba, akasimama tena. Wa pili alimpiga kwa makali, chini ya goti. Niliuona mguu ukikunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Alianguka juu ya mawe yake. Kofia nyekundu ilisogea, ikachukua chepeo mkononi mwa kijana, ikaliinua juu.

Skrini ikawa nyeusi.

Nilipiga mayowe hadi Brayo akaja mbio. Alitazama skrini, akanitazama mimi, akatoa simu yake na kutoka nje. Afande alikuwa amekwisha kushuka ngazi.

Yeye, Musyoka na mimi tuliuacha mji na kushika barabara ya vumbi. Tulipofika, lori la kwanza lilikuwa limejaa na linapanda kutoka mtoni. Afande aliligeuza gari letu kando na kulifungia njia. Alishuka na mpini. Dereva mwenye kofia nyekundu alitoa kichwa dirishani.

"Mama, toa hiyo gari!"

Afande alifungua mlango wa lori, akamshika shati, akamvuta hadi chini. Mpini ulimpata mdomoni, kisha begani, kisha mgongoni alipojaribu kutambaa chini ya lori. Meno yalianguka mchangani. Alimpiga bila kusema chochote, na uso wake haukuwa na hasira. Nililia nikimwomba aache. Kisha vijana wakafika kutoka mtoni. Chepeo la kwanza lilimvunja mkono wa kulia, nilisikia ukikatika. La pili lilimpasua kutoka nyusi hadi shavuni. Aliuhamisha mpini mkono wa kushoto. Musyoka alirukia mgongo wa kijana mmoja na kuuma sikio lake, mimi nilitupa mawe kwa macho yaliyofumbwa, na sijui tungeishaje kama wanawake wa kijiji hawangetokea na mapanga na majembe wakipiga kelele za "Aiya! Aiya!" Vijana walikimbia wakaacha malori yao. Kabla jua halijatua moja kati ya malori hayo lilikuwa linawaka moto, na hakuna aliyelizima.

Kilonzo tulimkuta pale pale kwenye mawe. Mke wake alikuwa amekiweka kichwa chake mapajani na kukifunga kwa leso, lakini kilikuwa hakina umbo. Afande alipiga magoti, damu yake ikidondoka juu ya leso ileile.

"Mama Mumo," akamwambia, "nilikuuzia kamera."

Mke wa Kilonzo hakumtazama.

"Ndiyo," akasema. "Tulikuwa tumeacha kulinda usiku kwa sababu yako."

Nimesikia maneno mengi makali maishani. Sijasikia yaliyompata mtu kama hayo yalivyompata Afande. Chepeo halikumwangusha, lakini pale alikaa chini mchangani, na ikabidi Musyoka na mimi tumnyanyue.

Mwekezaji alituita Mavoko kabla mazishi hayajafanyika. Afande alikwenda na plasta mkononi na nyuzi usoni, akanichukua mimi kama shahidi wake. Palikuwa na meza ndefu ya kioo. Brayo alisimama ukutani akiangalia viatu vyake.

"Pole sana, Mama," mwekezaji akaanza. "Vijana walizidi. Nitasaidia familia. Nitagharamia mazishi yote. Lakini ile picha ya mwanzo, kabla mtambo haujakatika, hiyo haiwezi kubaki. Nimeshaiondoa. Mteja gani atatuamini tukionekana tuna mambo kama hayo? Ninalinda hisa zako pia."

"Umeiondoa," Afande akarudia.

"Ni mali ya kampuni."

"Na kampuni ni ya nani?"

"Mama, hayo tuliyamaliza chini ya hema."

Afande alitumia mkono wa kushoto. Alimshika kisogo na kuushindilia uso wake kwenye meza. Kioo kilipasuka kutoka mwisho hadi mwisho. Alimwinua, akaushindilia tena, na mara hii kipande kikubwa kikaanguka sakafuni pamoja na vikombe. Walinzi waliingia. Walimpiga juu ya plasta, wakijua ndipo panapouma, hadi akaachilia.

Mwekezaji alikaa kitini, akachukua kitambaa na kujifuta damu puani. Sauti yake ilikuwa ileile ya siku ya soda.

"Basi," akasema. "Sasa umenirahisishia."

Ikawa hivyo. Kesi iliyokwenda haraka ni ya Afande. Alipoulizwa kama alimpiga mwekezaji na dereva, alijibu, "Nimewapiga," akakaa. Alifungwa. Kesi ya Kilonzo ilitambaa. Picha hazikuwepo, kwa hiyo nikapanda kizimbani mimi. Wakili wao alinichezea siku nzima: ulikuwa mbali kilomita ngapi, macho yako yakoje, skrini ni kubwa kiasi gani, unawezaje kumtambua mtu kwa kofia. Nilisema nilichokiona na nikakataa kusema nisichokiona. Musyoka alisema yake, mke wa Kilonzo yake. Dereva na kijana mmoja walifungwa. Aliyezima kamera hakuwahi kutajwa. Mimi na Musyoka tulifukuzwa kazi wiki ileile. Wanakijiji walikata mlingoti wetu kwa msumeno, wakauuza kama chuma chakavu, na wakarudi kulala ukingoni kwa zamu. Malori hayajarudi pale. Yalihamia mto mwingine.

Kampuni ilikua, jinsi alivyosema. Leo huwezi kutembea Machakos mjini bila kupita chini ya nembo yake.

Afande alipotoka gerezani alikwenda kuishi kwa dada yake Wamunyu. Mkono wa kulia haukunyooka tena. Nilimtembelea mara chache nikamkuta ameketi na wachongaji, akisugua twiga wa mbao kwa msasa na mkono wa kushoto, akiwakaripia vijana kwa kuacha nyundo ovyo. Mwekezaji alikuwa akimtumia watu kununua hisa zake chache zilizobaki, na kila mara walirudi mikono mitupu. Nilidhani ni ukaidi. Nilimwambia auze, atengeneze mkono.

Badala yake aliandikisha sehemu ndogo ya hisa hizo kwa jina langu, akaniambia nivae vizuri na tukutane Mavoko siku ya mkutano wa mwaka wa wanahisa.

Nilimkuta langoni. Alikuwa amezeeka ghafla. Alivaa sketi ya buluu, na kovu lilikuwa limemvuta jicho moja chini. Alinipa mkoba wake nimshikie.

"Usinisaidie," akaniambia. "Hata wakifanya nini. Wewe kaa na uangalie."

Mlinzi wa langoni alimwona akavuta pumzi.

"Aki Afande, tena mwaka huu?"

"Tena."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amekuja miaka yote hiyo, peke yake.

Ukumbi ulijaa. Mwekezaji alikuwa jukwaani, pua yake imepinda kidogo tu. Kulikuwa na wageni safu ya mbele, mwanamke wa makamo na vijana wawili waliovaa suti, waliotaka kununua sehemu kubwa ya kampuni. Brayo, ambaye sasa ana kitambi, aliwaonyesha ramani yenye nukta nyingi. Alipoomba maswali, Afande alisimama. Hakungoja kipaza sauti.

"Mimi ni mwenye hisa katika kampuni hii," akasema kwa ile sauti nyembamba ya kwaya. "Nauliza swali langu. Kilonzo alikufa kwa nini?"

Watu waliinamisha vichwa kama watu wanaojua kinachofuata. Walinzi wawili walikuwa tayari njiani. Walimshika. Aliuzungushia mguu wa kiti mguu wake, nao wakamvuta na kiti. Mmoja alimkunja ule mkono mbovu. Alitoa mlio mfupi, akauliza tena. Alipigwa kiwiko cha mdomo, kwa siri, jinsi wanavyofundishwa. Damu ikatoka. Niliutazama mkono wake wa kushoto, kwa sababu nilikuwa naujua mkono huo, na nikangoja. Ulikuwa huru kabisa. Ulining'inia tu kando yake. Hakuuinua.

"Kilonzo alikufa kwa nini?"

Walikuwa wamemfikisha karibu na mlango. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama lini, mkoba wake kifuani.

Yule mwanamke wa safu ya mbele aligeuka kwenye kiti chake. Alimtazama Afande, akamtazama mwekezaji jukwaani, kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetaka tu kujua:

"Samahani. Kilonzo ni nani?"

Mwekezaji alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake haikutoka. Walinzi walimtazama yeye, wakangoja amri, na katika kungoja huko mikono yao ikalegea.

Afande aliketi kwenye kile kiti walichomburuta nacho. Akajifuta mdomo kwa upindo wa sketi.

"Alikuwa na shamba la mbaazi," akasema.

Hakuna aliyemkatiza.